Je, wajua kwa nini karanga moja inaweza kumpalia mtoto?

Mtoto wa mwaka na nusu akicheka, meno ya mbele yanaonekana yote, nasi tunaamini anaweza kutafuna chochote. Meno yale ni ya kukatia tu. Magego, yenye kazi ya kusaga, ndiyo kwanza yanaanza kuota, na ya nyuma kabisa hukamilika akikaribia miaka mitatu. Kwa hiyo karanga haisagiki: inapasuka vipande vigumu vinavyoteleza. Akicheka, akilia au akikimbia, anavuta pumzi navyo vinafuata hewa. Njia yake ya hewa haifiki upana wa sentimita moja, na kikohozi chake hakina nguvu kama chetu.

Ndiyo maana wataalamu wa watoto Marekani husema asipewe karanga nzima kabla ya miaka 4, na Uingereza husema 5. Si kwamba anyimwe karanga. Itwangwe laini, ikorogwe kwenye uji au mchuzi. Ubuyu wa kumung'unya nauogopa zaidi, kwa sababu sukari ikishaisha inabaki mbegu ngumu inayoteleza, na mdogo hajajua kutema.

Akipaliwa huku anakohoa kwa sauti, mwache akohoe. Akishindwa kulia wala kukohoa, piga kelele upate msaada na uanze hapohapo. Aliye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Isipotoka, mgeuze, umbonyeze katikati ya kifua mara 5 kwa sehemu ya chini ya kiganja kimoja, kisha urudie. Usimtie kidole kooni kwa kubahatisha. Utakisukuma kipande ndani zaidi.

Kuna hatari nyingine isiyopiga kelele. Kipande kidogo kinaweza kupita hadi kwenye pafu, mara nyingi la kulia kwa kuwa mrija wake ni mpana na umenyooka zaidi. Mtoto anatulia, anarudi kucheza. Humo ndani karanga inavimba kwa unyevu na mafuta yake yanachokoza pafu. Baada ya siku kadhaa kifua kinakoroma, anatibiwa nimonia au pumu, na eksirei mara nyingi haiioneshi karanga kama ingeonesha sarafu. Mzazi, hata kama zimepita wiki mbili, mwambie daktari: alipaliwa akila karanga.