Utambuzi wa sauti ni nini?

Kuna mchezo wa zamani wa watoto uitwao kinyume. Silabi ya mwisho huhamishiwa mbele: nyumba inakuwa mbanyu, kesho inakuwa shoke. Mtoto anayeucheza huenda hajui herufi hata moja, lakini tayari ana kitu ambacho walimu wa madarasa ya awali hukitafuta kwa bidii: utambuzi wa sauti.

Maana yake ni uwezo wa kusikia kwamba neno lina vipande, na kuvichezea vipande hivyo: kuvitenga, kuviunga, kuondoa kimoja na kuweka kingine. Ni kazi ya sikio. Inawezekana gizani, bila kitabu wala chaki. Hapo ndipo inapotofautiana na kujua herufi, ambayo ni kazi ya jicho.

Katika Kiswahili, silabi ndiyo mshiko wa kwanza, kwa kuwa nyingi huishia na irabu na masikioni zinaachana wazi. Ndiyo maana mwalimu hupigisha watoto makofi: ki-ti, makofi mawili, ki-ko-mbe, matatu. Kizungumkuti ni ile "m" inayosimama peke yake. Mtu ni makofi mawili, m-tu. Tena mbuni ndege ana mawili, mbu-ni, ilhali mbuni mti wa kahawa una matatu, m-bu-ni. Watu wazima wengi wakiulizwa hilo ghafla hubabaika, kwa hiyo tusiwacheke watoto.

Chini ya silabi kuna sauti mojamoja, na hapa mtoto huhitaji msaada zaidi. Akifundishwa majina ya herufi tu, akiona "baba" atasema be-a-be-a. Akiyaunga anapata "beabea", na baba hayumo. Akifundishwa sauti yenyewe, /b/ kisha /a/, muungano unakuja wenyewe. Tanzania ilipoanza kutumia mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili uliojikita katika KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kufundisha kwa sauti za herufi kulipewa uzito.

Sasa, ile ba-be-bi-bo-bu inayoimbwa darasa zima hadi bati linatetemeka? Siipingi. Inakaza ulimi na watoto wanaipenda. Ila wimbo unaweza kukaa kichwani bila sikio kufanya kazi yoyote, na mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kujua nani anasoma na nani anafuata mkumbo. Njia nyepesi ya kujua ni kuvuruga mpangilio: anza na bu, ruka kwenye be. Kisha andika neno lisilo na maana, kama "bobe". Aliyekariri atatazama dari. Anayetambua sauti atalisoma, halafu atauliza bobe ni nini.