Kitabu cha tatu ndo cha kulipa madeni

Nahariri riwaya za vijana, nipo Uyole hapa Mbeya, na hakuna mswada unaonitoa jasho kama kitabu cha tatu cha trilojia ya fantasia, yaani hadithi moja ya uchawi na ulimwengu wa kubuni iliyogawanywa vitabu vitatu. Cha kwanza msomaji anakusamehe mengi maana bado anashangaa ulimwengu mpya, cha pili unaweza ukavuruga kila kitu ukakatia hapo hapo, ila cha tatu huna pa kukimbilia.

Mi natumia daftari, kama lile la mangi la kuandikia waliokopa. Narudia viwili vya mwanzo kalamu mkononi, kila alichodokeza mwandishi naandika, nani aliapa nini, silaha ile katoa wapi, na hasa uchawi unamgharimu nini anayeutumia, halafu nikifika cha tatu nakata moja moja. Deni lisilokatwa msomaji analihisi hata kama hawezi kulitaja.

Mfano ninaoupenda ni The Amber Spyglass ya Philip Pullman, cha tatu cha trilojia yake ya His Dark Materials, ya mwaka 2000 (kama hujaisoma ruka aya hii). Ndo kitabu cha kwanza cha watoto kushinda tuzo kubwa ya vitabu ya Whitbread kule Uingereza, ya 2001. Mwishoni wahusika wakuu, Lyra na Will, wanaachana, kila mtu anarudi ulimwengu wake, na inauma kweli kweli, lakini huwezi kumlaumu mwandishi kwa sababu kisu kinachopasua milango kati ya ulimwengu na ulimwengu kipo tangu kitabu cha pili, na baba yake Will tulishamwona mle mle akiwa mgonjwa baada ya kukaa miaka mingi nje ya ulimwengu wake. Bili ilikuwa mezani muda wote.

Halafu kuna shida ya muda. Tomi Adeyemi, mwandishi wa trilojia inayoanza na Children of Blood and Bone, alitoa cha pili 2019, cha kufungia kikaja 2024, yaani aliyekuwa kidato cha kwanza akisubiri kashamaliza cha sita. Msomaji huyo kasahau majina, ila hasahau alichoahidiwa, kwa hiyo mkumbushe kwa tendo, usimpe kurasa kumi za muhtasari.

Sasa juzi nimekaa na mwandishi kijana wa Tukuyu. Kwenye kitabu chake cha kwanza binti anateremka Ziwa Ngosi, ule mteremko mkali wa kushikilia mizizi, anakunywa maji anaanza kusikia waliokufa, lakini kila akinywa linampotea neno moja la Kinyakyusa. La kwanza kupotea ni mvua. Anasimama mlangoni inanyesha, anainyooshea kidole, mdomo wazi, hana neno. Pale nilisisimka mwili mzima.

Cha tatu sasa, vita ya mwisho, anaibuka mjomba ambaye hatujawahi kumsikia, ana fimbo, kurasa nne kamaliza kila kitu. Nikamfungulia daftari. Mdogo wangu, yale maneno yameenda wapi?

"Dada, mi nilitaka tu ashinde."

Ashinde, nikamwambia, ila kwa maji yale yale, na alipe. Akanyamaza mpaka chai ikapoa, anafunua mswada mbele nyuma, mbele nyuma. Halafu akauliza taratibu, "Kwa hiyo la mwisho kumpotea ni lile la kumwita mama yake?"

Akachukua kalamu yangu, akamkata mjomba kuanzia ukurasa wa kwanza anaotokea.