Acheni kuniuliza anaanza breki wapi

Nimeletewa tena faili la telemetria, yaani rekodi ya breki, usukani na mwendo wa gari la mbio. Grafu mbili zimelaliana, ya mwenye faili na ya dereva anayemshinda, na swali ni lilelile: "Kaka, huyu ananizidi mita ngapi kwenye breki?" Nne. Haya, umejua. Kesho utachelewa hizo nne, gari litapitiliza epeksi (sehemu ya ndani kabisa ya kona), na faili utakaloniletea litakuwa na muda mbaya kuliko hili.

Naelewa inakotoka imani hii kwamba siri iko pa kuanzia breki. Pa kuanzia breki panaonekana: kuna kibao cha mita 100 pembeni, kuna video, kuna kelele za injini kushuka gia. Mguu unavyoachia pedali hauonekani popote isipokuwa kwenye telemetria, na mkishaifungua telemetria mnakwenda kuangalia kibao kilekile!

Ya awali nayapita haraka. Linganisha kwa umbali, si kwa muda. Mafuta, tairi na joto la lami viwe sawa. Usijipime na rekodi ya dunia. Mtafute anayekuzidi nusu sekunde. Na kumbuka programu ikirekodi mara 60 kwa sekunde, gari lililo kwenye kilomita 250 kwa saa linapita zaidi ya mita moja kati ya kipimo na kipimo. Anayebishana kuhusu nusu mita anabishana na kinasa.

Sasa tazama mstari wa breki, hasa nusu yake ya pili. Kwa gari lenye mabawa, mgandamizo wa hewa unaolisukuma gari chini unafuata mraba wa mwendo: ukitoka 250 ukafika 125, imebaki robo tu. Nguvu ya breki ambayo tairi zilihimili mwanzoni, mwishoni inazifunga zisizunguke. Ndiyo maana mstari wa dereva mzuri unapanda ghafla, kisha unaanza kushuka hata kabla usukani haujasogea, na unaendelea kushuka polepole huku usukani ukiongezeka. Wa kwako unapanda kwa kusitasita, unakaa tambarare kama meza, halafu unadondoka wima.

Huo mdondoko ndio ugomvi wangu na ninyi. Ukiachia breki kwa mkupuo, uzito uliokuwa umelalia tairi za mbele unarudi nyuma, tena sekunde ileile unayoziomba tairi hizo zigeuze gari. Pua inakataa. Unaongeza usukani, na kwenye grafu yake linatokea tuta la pili baada ya la kwanza. Tairi zinaburuzika, mwendo unaliwa, gesi (pedali ya kuongeza mwendo) inasubiri. Kisha unaniandikia kwamba setapu, yaani marekebisho ya gari, ni mbovu.

Hesabu yake ni hii. Chukua sehemu ya kona yenye urefu wa mita 60. Ukiipita kwa kilomita 80 kwa saa unatumia sekunde 2.70, kwa 76, sekunde 2.84. Umepoteza 0.14 kabla hujagusa gesi, na hasara inakufuata. Pale La Source, kona kali ya uwanja wa Spa, unatoka polepole na deni hilo unalibeba kupitia kona za Eau Rouge na Raidillon, ukilipa kwa riba njia nzima iliyonyooka ya Kemmel. Mstari wa tofauti ya muda utakuonyesha kwamba umepoteza muda Kemmel. Kosa liko La Source.

Wenye ABS, mfumo unaozuia tairi kufunga, msijifiche. Kukanyaga asilimia 100 hadi katikati ya kona si ufundi. Fungua chaneli ya ABS: ikiwa bado inafanya kazi baada ya usukani kuanza kuzunguka, umekanyaga kupita kiasi, na tairi haina nafasi ya kugeuza.

Je, kuna wakati wa kuchelewa breki? Upo. Ukiona breki imefika sifuri, gesi haijaanza, na gari linaserereka tu, umepunguza mwendo kupita kiasi. Lakini hata hapo mimi huanza na dawa nyingine: anzia palepale, achia mapema zaidi. Aliyechelewa breki huingia kwenye kona na hofu, na mguu wenye hofu hauachii polepole.

Usinakili asilimia za mtu pia. Pedali inayopima nguvu ya mguu na ile inayopima umbali wa kukanyaga hazitoi mstari mmoja, hata kwa dereva mmoja.

Kuna jambo linanisumbua ambalo sijalimaliza. Wenye kasi wanaachia taratibu, sawa. Je, wana kasi kwa sababu wanaachia taratibu, au wanaachia taratibu kwa sababu waliingia na mwendo sahihi na hawakuwa na sababu ya kushtuka? Siku hizi naegemea la pili zaidi ya nilivyokuwa nikifundisha. Grafu inaonyesha mguu, haionyeshi nia. Pia nimeona mizunguko miwili ya gari moja, muda sawa, mistari ya breki isiyofanana hata kidogo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kona moja. Anza breki mita 10 kabla ya kawaida yako, usiwe na haraka, achia hadi epeksi, mpaka grafu ya usukani iwe na tuta moja tu. Mwendo wa chini kabisa ndani ya kona ukishapanda, ndipo usogeze pa kuanzia, kidogokidogo. Ukiniletea faili baada ya hapo, nataka mizunguko mitano mfululizo, na ile mibaya usiifute.