Unataka Kusomesha Maigizo? Anza na Kutazama

Kila msimu wa maombi ya vyuo ukikaribia, vijana hutujia ofisini wakiuliza njia ya kuwa mwalimu wa sanaa za maonesho. Wengi huanza kwa kunihakikishia kwamba wanaigiza vizuri. Huwajibu kuwa hilo silo la kwanza. Muigizaji hodari amezoea kutazamwa, na kazi ya mwalimu ni kutazama.

Tuseme kwanza habari za ajira. Sanaa za maonesho ni somo linalotahiniwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lakini skuli zinazolisomesha si nyingi. Hapa Unguja na Pemba maigizo mara nyingi yako mikononi mwa mwalimu wa Kiswahili, kwa sababu tamthilia ni sehemu ya fasihi. Ushauri wangu basi: beba masomo mawili. Kiswahili kitakupa kipindi, sanaa itakufundisha namna ya kukitumia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikisomesha sanaa za maonesho tangu miaka ya 1960. Bagamoyo ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa. Angalia lakini: cheti cha usanii si cheti cha ualimu, na anayetaka kuajiriwa skulini atahitaji mafunzo ya ualimu pia. Kwa Kiswahili na ualimu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kiko hapa hapa nyumbani.

Darasani sasa. Zoezi ninalolipenda lina maneno mawili tu: "Chai imepoa." Mwambie mdogo wako. Mwambie mume aliyechelewa kurudi. Mwambie mkweo. Siku moja huko Pemba alisimama msichana ambaye muhula mzima sauti yake haikuvuka dawati la pili. Alipofika kwa mkwe, alikaa ukingoni mwa jamvi, akavuta mtandio, akayasema yale maneno huku akikitazama kikombe. Darasa zima likanyamaza. Hakufundishwa na mtu, alishayaona nyumbani. Kazi ya mwalimu inaanzia hapo: kumuuliza kwa nini alikitazama kikombe badala ya mkwe, ili kesho aweze kulirudia kwa kukusudia.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Mwaka wangu wa kwanza nilichagua watoto watatu wenye sauti kubwa, waliobaki nikawafanya watazamaji. Wiki ya tatu watazamaji walikuwa nje wanapopoa maembe, na sikuwa na haki ya kuwalaumu. Siku hizi kila mmoja ana lake: wa maleba, yaani mavazi ya mchezo, wa kushika matini na kukumbusha maneno, wa ngoma, wa kuvuta pazia, ambalo kwetu ni kanga nne na kamba.

Usipange mazoezi ya alasiri bila kuuliza. Watoto wengi saa hizo wako chuoni wakisoma Kurani, na ukishindana na ustadhi utashindwa. Dakika 40 za kipindi zinatosha ukizipanga. Wazee nao waarifiwe mapema nani ataigiza nani na atavaa nini, na anayetaka kuja kukaa atazame, aje. Sehemu ya mume na mke ikileta maneno, igeuze iwe ya kaka na dada. Mara nyingi mchezo hauharibiki hata kidogo. Na igizo likitoka nje ya skuli kuoneshwa hadharani, pita kwanza Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni uulize utaratibu wa kibali.

Wengine hudhani bila jukwaa la Ngome Kongwe hakuna somo. Wapeleke wanafunzi Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, watazame wanaume wakipigana kwa makuti ya migomba na kibanda kikichomwa moto, kisha uwaulize: nani alianza, na ulijuaje kuwa imekwisha? Pemba ipo ngoma ya kibati, na yale majibizano ya papo kwa papo ni somo tosha la mazungumzo ya jukwaani.

Kwa hiyo kijana akija ofisini, kabla ya fomu nampa kazi. Akakae nusu saa sokoni Darajani, aniletee maneno kumi aliyoyasikia na namna yalivyosemwa. Wapo wasiorudi. Wapo wanaorudi na kurasa tatu, na hao huwavutia kiti.