Je, wajua kwa nini mtafiti na mhandisi wa akili mnemba hawafanyi kazi moja?

Mwaka 2016 droni zilianza kurushwa juu ya Unguja na Pemba ili kupiga picha ardhi yote ya visiwa hivi. Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, ndio walioibeba kazi hiyo, Benki ya Dunia ikisaidia. Picha zilitoka safi: unaiona ngalawa iliyopandishwa mchangani, unauona mnazi na kivuli chake. Ila picha peke yake haikwambii Bububu kuna nyumba ngapi, na nani atakaa azihesabu moja moja kisiwa kizima? Ndipo mwaka 2018 yakatangazwa mashindano ya wazi ya kuifundisha kompyuta izitambue nyumba zetu kutoka angani.

Kilichonigusa ni mafungu waliyoyataka. Kila jengo liwekwe katika moja ya matatu: nyumba iliyokamilika, nyumba isiyokamilika, na msingi. Kwetu mtu hujenga kwa awamu, akipata anaongeza matofali, akikosa anangoja. Msingi hukaa miaka, majani yakaota ndani yake, kuku wakatagia humo, na bado mtaa mzima unajua ile ni nyumba ya fulani. Kompyuta iliyofunzwa kwa picha za miji ya Ulaya ingeupita ule mstatili wa matofali kama haikuuona.

Mfano huu ndio ninaoutumia vijana wa kidato cha sita wanaponijia na swali lao: "Mwalimu, nataka kusoma akili mnemba. Nielekee kwenye utafiti au uhandisi?" Wengi huuliza kana kwamba njia moja ni ya wenye akili nyingi na ya pili ni ya waliobaki. Dhana hiyo imewapoteza vijana wazuri, na nataka kuiondoa.

Tuichukue kazi ile ile ya nyumba. Mwaka 2015 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, Olaf Ronneberger, Philipp Fischer na Thomas Brox, walikuwa wakihangaika na picha za darubini. Walitaka kompyuta ichore mpaka wa kila seli, na moja ya kazi walizojipimia ilikuwa na picha 30 tu za kujifunzia. Je, modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano, inaweza kujifunza kwa mifano michache kiasi hicho? Walibuni mtandao wa neva, yaani hesabu zilizopangwa tabaka kwa tabaka, wenye umbo la herufi U. Mkono mmoja unaipunguza picha hatua kwa hatua ili kujua kuna nini ndani yake. Mkono wa pili unaikuza tena ili kujua kitu hicho kiko wapi hasa. Na kati ya mikono hiyo kuna madaraja yanayovusha yale maelezo madogo ambayo yangepotea njiani. Wakaiita U-Net. Hawakuwa wakifikiria paa la mtu yeyote, sembuse la Bububu. Lakini kuchora mpaka wa seli na kuchora mpaka wa nyumba ni tatizo moja ukilitazama vizuri, na mitandao ya ukoo huo leo hutumika sana kwenye picha za angani.

Huo ni utafiti. Mtu ameshika swali ambalo jibu lake halipo popote, na hana hakika kama atalipata.

Sasa njoo upande wa pili. Picha ya droni ya shehia moja haiingii katika kumbukumbu ya kompyuta ya kawaida. Lazima uikate vipande. Ukiikata, nyumba inayokaa mpakani mwa vipande viwili inakuwa nusu huku na nusu kule, na hesabu yako inasema nyumba mbili. Basi unaviachia vipande vipandiane kidogo, kisha unaandika programu ya kuyaunganisha majibu bila kuhesabu kitu mara mbili. Halafu kila nyumba irudishwe mahali pake pa kweli kwenye ramani, maana ikisogea mita tatu imeingia kiwanja cha jirani, na mgogoro wa kiwanja Zanzibar si jambo dogo. Halafu ofisa wa ardhi aweze kuifungua ramani hiyo kwenye kompyuta aliyonayo, siyo uliyonayo wewe. Huo ni uhandisi, na anayesema ni kazi nyepesi hajaijaribu.

Mtafiti anauliza: je, hili linawezekana, na kwa nini? Mhandisi anauliza: je, litasimama, na kesho pia litasimama, na kwa gharama gani?

Mtu wa pwani ya mashariki hahitaji kompyuta ili kuielewa tofauti hii. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989. Kuna aina mbili, spinosum na cottonii, na cottonii ndiyo yenye bei nzuri. Baadaye cottonii ikaanza kufa. Kwa nini inakufa? Hilo ni swali la utafiti, na jibu likaelekea kwenye joto la maji na maradhi yanayofuatana nalo. Haya, mwani uhamishwe kwenye maji ya kina yenye ubaridi zaidi. Lakini utafungwa kwa kitu gani usichukuliwe na mawimbi, na mwanamke asiyejua kuogelea ataufikiaje? Hilo ni swali la uhandisi. Dk. Flower Msuya, aliyeutumikia mwani wa Zanzibar kwa miongo, amefanya yote mawili: ameandika juu ya sababu, na ameingia majini kujaribu nyavu za mfano wa bomba na wakulima wenyewe. Ninamtaja kwa makusudi. Ukimtazama yeye unaona kwamba majina ya kazi ni mawili, lakini mtu anaweza kuwa mmoja.

Katika akili mnemba watu wa namna hiyo wamebadilisha mambo makubwa. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto waliingia mashindano ya kutambua picha ya ImageNet. Modeli yao ilikosea asilimia 15.3, aliyewafuata alikosea asilimia 26.2. Fani nzima iligeuka baada ya hapo. Lakini hesabu za msingi walizozitumia zilikuwa zinajulikana tangu miaka ya 1980. Kilichokuwa kimekosekana ni picha nyingi zilizopangwa, ambazo Fei-Fei Li na wenzake walikuwa wamezikusanya, na mtu wa kuandika programu ya kuziendesha hesabu hizo kwa kasi. Krizhevsky aliiandika kwa kadi mbili za kompyuta za kuchezea gemu, kila moja ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 3. Mtandao haukuenea kwenye kadi moja, akaugawa kati ya mbili, na mafunzo yakachukua siku tano hadi sita. Sasa niambie: ule ulikuwa utafiti au uhandisi?

Kuna tanbihi moja ninayoipenda sana, chini ya ukurasa wa kwanza wa makala ya 2017 iliyoleta transforma, mtindo wa mtandao unaoendesha modeli nyingi za lugha za leo. Waandishi wanane wanasema wamechangia sawa na kwamba mpangilio wa majina ni wa bahati nasibu tu. Kisha wanaeleza nani alifanya nini. Mmoja alitoa wazo la kuacha mitandao ya zamani. Mwingine aliandika msimbo wa mwanzo. Wawili walitumia siku nyingi ndefu wakiujenga upya mfumo wote wa programu uliorahisisha majaribio. Hakuna aliyewekwa chini ya mwenziwe.

Kwa hiyo wakati wa kuchagua usijiulize ipi ni ya heshima. Jiulize ni kushindwa kwa namna gani unakoweza kukuvumilia.

Mtafiti hushindwa polepole. Miezi sita anafuata wazo, mwishowe majaribio yanamwambia hapana. Hana cha kuwaonyesha nyumbani. Ile hapana yenyewe ni maarifa, ila mama yako hawezi kuila. Mhandisi hushindwa ghafla na mbele ya watu: seva imezimika saa nane za usiku, watu hawapati huduma, simu inalia. Nani kati yetu mwenye umri hakumbuki ile miezi mitatu Unguja ilipokaa bila umeme, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010? Aliyekulia katika hali hiyo anajua katika mifupa yake kwa nini mfumo lazima ujengwe ukitarajia kukatikiwa. Hiyo ni elimu ya uhandisi ambayo mwanafunzi wa kwingine huisoma kitabuni.

Na upande wa utafiti, tuna jambo letu pia, na hapa nasema kwa uchungu. Kiunguja cha mjini ndicho kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini lugha yetu haikuwahi kuwa hicho peke yake; kuna Kimakunduchi, Kitumbatu, Kipemba. Mashine zinazojifunza Kiswahili zinajifunza kile kilichoandikwa, yaani sanifu. Mzee wa Makunduchi akisema na simu, simu inaandika upuuzi, kisha mjukuu anacheka kana kwamba aliyekosea ni bibi.

Hata sanifu yenyewe haijatendewa haki. Chukua neno "hawatakupikia". Wewe umelisikia na umeelewa mara moja: ha- ya kukanusha, wa- ya watendaji, ta- ya wakati ujao, ku- yako wewe, na -pikia ya kumpikia mtu. Kompyuta haioni hivyo: kwanza hulikata neno vipande. Njia moja maarufu ya kukata maneno ilitokana na mbinu ya kubana mafaili iliyochapishwa na Philip Gage mwaka 1994. Rico Sennrich na wenzake wa Edinburgh waliileta kwenye tafsiri ya lugha miaka ishirini na kitu baadaye. Inaunganisha herufi zinazofuatana mara nyingi, basi. Modeli iliyolishwa Kiingereza kingi hulikata neno letu mahali pasipo na maana na kwa vipande vingi, na kwa kuwa kampuni nyingi hutoza kwa idadi ya vipande, sentensi ya Kiswahili inakuwa ghali kuliko ya Kiingereza yenye maana ile ile. Je, tukikata kwa kufuata viambishi, modeli itaelewa zaidi? Mtu anayeijua lugha hii kutoka kifuani ana haki ya kulishughulikia swali hilo kabla ya mtu wa mbali. Na hali ikiwa bado hivyo, mtu wa Micheweni mwenye bando dogo atapataje jibu la haraka? Hilo ni la mhandisi, naye asingoje mtafiti amalize.

Mlango upi unafunguka kwa wepesi? Wa uhandisi, sitaficha. Mabenki, kampuni za simu, hoteli na ofisi za serikali zina kazi za data leo, na shahada ya kwanza na kazi uliyoijenga kwa mikono yako inatosha kuanza. Utafiti kwa kawaida hudai uzamili, kisha uzamivu, yaani miaka mingi ya posho ndogo. Kwa kawaida, nimesema: Alec Radford, ambaye jina lake liko mwanzo kwenye makala ya 2018 ya GPT, modeli ya lugha ya kampuni ya OpenAI, hakuwa na uzamivu. Na si lazima tena uvuke bahari. IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ilifungua kampasi Bweleo mwaka 2023, ya kwanza kwa vyuo vya IIT nje ya India, na inafundisha sayansi ya data na akili mnemba. Deep Learning Indaba inawakusanya watafiti wa Afrika tangu 2017. Masakhane, mtandao wa wanaozishughulikia lugha za Afrika, mwaka 2021 ulichapisha data ya kutambua majina ya watu, mahali na taasisi katika lugha kumi, Kiswahili kikiwemo, na wengi wa walioifanya walianza kwa kujitolea tu.

Ninachowafanyia vijana wangu ni hiki. Nawapa kipande kidogo cha picha za droni na wiki tatu, bila kuwaambia nani afanye nini. Mwaka mmoja walikuwa wawili, wote wazuri wa hesabu. Msichana alikwama siku ya nne: modeli ilikuwa inayaona mapaa makavu ya makuti kuwa ni ardhi. Akaacha kila kitu. Akawa anachora mapaa hayo daftarini, asubuhi na jioni, akijaribu kujua mashine inatazama rangi au inatazama kivuli. Hakumaliza kazi. Mvulana aliliona tatizo lile lile, akaliandika pembeni, akaendelea. Siku ya mwisho alikuja na ramani inayofunguka kwenye simu bila mtandao, na akaniambia alikuwa ameijaribu ndani ya daladala hadi Fuoni.

Niliwauliza swali moja: usiku, kabla ya kulala, mlikuwa mnawaza nini? Msichana akasema makuti. Mwenziwe akasema ile sekunde nne inayopotea ramani inapofunguka.

Sasa msichana anakwenda Makunduchi kila Jumamosi kumrekodi bibi yake na majirani zake, neno kwa neno, na tafsiri pembeni. Programu anayorekodia, ile inayohifadhi sauti simu ikikosa mtandao na kuipeleka yenyewe gari ikifika mjini, kamwandikia yule mwenziwe.