Simulesheni si simulizi, wala si uigizaji

Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji: timu "imetumia simulizi za kompyuta" kuongeza kasi ya gari lake la mashindano. Nimeikuta tena na tena, sasa najua si uchapaji.

Kinachokusudiwa ni simulesheni, na maana yake ni fupi. Gari linageuzwa kuwa hesabu: uzito, springi, matairi, nguvu ya injini, hewa inavyolikandamiza chini. Programu inaliendesha gari hilo la hesabu kona kwa kona na kutoa muda wa mzunguko. Mhandisi akiongeza pembe ya bawa la nyuma, lile linalotumia hewa kulikandamiza gari, anaona gari limepata nini kwenye kona na limepoteza nini kwenye barabara iliyonyooka, kabla hata tairi halijagusa lami.

Tuje kwenye neno. Simulizi ni la kusimulia, ndiyo maana tuna fasihi simulizi. Simulesheni asili yake ni Kilatini, simulare, kufananisha, kutokana na similis, yaani -enye kufanana. Yanakaribiana kwa sauti tu, kama paa wa porini na paa la nyumba.

Wengine wakiikimbia simulizi wanaangukia kwenye uigizaji. Afadhali kidogo, lakini silabi moja imezidi. Mtoto anayetembea kama baba yake anaiga. Akipanda jukwaani kuwaonyesha watu mwendo huo, anaigiza. Kompyuta haina jukwaa. Inaiga, basi kazi yake ni uigaji. (Kilatini nacho kina lawama: simulare ni pia kujifanya.)

Na hili si la walimu wa sarufi peke yao, kwa sababu anayeiga hawezi kuiga asichoonyeshwa. Mwaka 2010 timu ya Virgin iliingia mashindano ya magari ya Formula 1 na VR-01, gari ambalo umbo lake lilibuniwa kwa kompyuta tupu, bila handaki la upepo, yaani chumba cha kulipulizia gari hewa ili kulipima. Msimu uliisha hawana pointi hata moja. Siitupii kompyuta lawama zote; timu ilikuwa changa, na hata tangi la mafuta walilitengeneza dogo mno. Lakini mwaka 2022, chini ya kanuni mpya, hata timu kubwa zilifika kwenye majaribio Barcelona zikakuta magari yanadundadunda yakishika kasi, jambo ambalo wengi hawakuwa wameliona kwenye uigaji wao. Ndiyo maana siku za majaribio utaona gari limepakwa rangi ya majimaji inayochora njia ya hewa: wanapima kama mwigo unafanana na gari lenyewe.

Kwa hiyo andika uigaji wa kompyuta. Ukipenda simulesheni, sina ugomvi nawe. Simulizi tumwachie dereva akishashuka garini.