"Hayo ni ya ng'ombe, daktari"

Wiki hii nimeyasikia tena, huko Njoro, kwa mama aliyenitilia chai kabla sijafungua begi. Kando ya zizi palikuwa na gunia la mahindi yaliyochambuliwa, punje zimeshikana, zimeota unga wa kijani. Nikauliza. "Hayo ni ya ng'ombe, daktari. Sisi hatuli."

Hamli, mnakunywa. Tumbo la ng'ombe si jaa. Aflatoksini B1, sumu ya ukungu huo wa kijani, haiishii tumboni. Hufika kwenye ini, ini huigeuza kuwa sumu ndugu yake iitwayo M1, na ndani ya siku moja M1 imo kwenye maziwa. Inayopita ni kidogo, asilimia 1 au 2 ya iliyoliwa, lakini kwa ng'ombe wa maziwa mengi hufika hata 6. Yaani yule Friesian mnayejivunia ndiye hodari wa kuipitisha. Chai niliyoshika ilikuwa ya maziwa yake.

Na ng'ombe mwenyewe haponi bure: maziwa yanashuka, ini linachakaa polepole, ndama anadumaa. Mnaniita nidunge sindano ya hamu ya kula, kumbe ugonjwa uko guniani. Mwaka 2004 sumu hiihii iliua watu 125 kule Ukambani kupitia mahindi. Tukajifunza kuyachambua, kisha yaliyochambuliwa tukayapeleka zizini! Ukiyaondoa leo, maziwa husafika baada ya siku chache tu.

"Tunachemsha maziwa." Chemsheni, kwa sababu ya vijidudu vya ugonjwa wa brusela. M1 haisikii moto wa jikoni, wala haiondoki maziwa yakigandishwa kuwa mala.

"Tumeyaanika upya, ukungu umetoka." Ukungu umetoka, sumu imebaki. Jua lina kazi kabla ya kuhifadhi: juu ya turubai, si udongoni, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, kisha magunia yakae juu ya mbao.

"Mashudu haya ni safi, tazama." Sumu haionekani kwa macho. Pima.

"Nitachanganya na bentonaiti." Udongo huo wa kunasa sumu unapunguza, haufuti. Si ruhusa ya kulisha uozo.

Akinisindikiza getini, mama akauliza kama basi awape bata. Jamani! Sumu hii iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa mashudu ya njugu. Bata wa kawaida naye haistahimili hata kidogo. Nikamwomba jembe, tukachimba shimo nyuma ya choo.